UZI: Ekuiti si huruma ya jaji. Ilikotoka, inavyofanya kazi, na inapokukatalia

Mapokeo1920:

Wakuu, salaam. Humu jukwaani haipiti muda bila mtu kuandika kwamba ataiomba mahakama "itumie ekuiti", akimaanisha jaji amwonee huruma. Watu wanapoteza kesi kwa dhana hii. Ekuiti (equity) ni kanuni za haki zinazomzuia mtu kuitumia haki yake ya kisheria kwa dhamiri mbaya. Naanza na historia, kwa sababu maswali ambayo jaji wa Dar au Nairobi atakuuliza leo yalizaliwa huko.

Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, kila eneo lilikuwa na baraza lake na mila zake. Wafalme waliofuata, hasa Henry II aliyetawala 1154 hadi 1189, walijenga mahakama za kifalme na kutuma majaji wazunguke nchi wakiamua kwa kanuni zilezile. Hukumu zao zikarundikana zikawa sheria ya kawaida, yaani sheria moja ya nchi nzima iliyotoka vinywani mwa majaji.

Kuingia kwenye mahakama hizo kulihitaji hati ya mfalme, nayo ililipiwa katika ofisi ya Chansela, yaani ofisa mkuu wa mfalme aliyetoa hati hizo. Kila aina ya dai ilikuwa na hati yake: deni, kurudishiwa ardhi, kuvamiwa. Dai lako lisipoenea kwenye hati yoyote, huna kesi, hata kama umedhulumiwa mchana kweupe. Mwanzoni maofisa wa Chansela walitunga hati mpya kila ilipoletwa shida mpya. Mabaroni wakaona kwamba anayetunga hati anatunga sheria, na Masharti ya Oxford ya 1258 yakambana Chansela asitoe hati mpya bila idhini ya mfalme na baraza. Sheria ya Westminster ya Pili ya 1285 ililegeza kidogo kwa mashauri yanayofanana na yaliyokwisha kupewa hati, lakini mlango ulibaki mwembamba.

Na hata ukiingia, ulichopata kwa kawaida ni pesa. Jirani anakata miti yako? Subiri aimalize, kisha udai fidia.

Chukueni mfano wa deni. Juma anamdai Hamisi pauni 100 kwa hati yenye muhuri. Hamisi analipa zote lakini haichukui ile hati wala kuichana. Juma anakwenda mahakamani na hati mkononi. Swali ni moja tu: muhuri huu ni wako? Kama ni wake, Hamisi analipa mara ya pili. Majaji wale hawakuwa watu wabaya. Hofu yao ilikuwa kwamba maneno ya mdomo yakiruhusiwa kuipindua hati yenye muhuri, hakuna hati itakayobaki salama, na hoja hiyo ina uzito hadi leo.

Waliokwama hivyo walimpelekea mfalme maombi, naye akayasukuma kwa Chansela, ambaye enzi hizo kwa kawaida alikuwa askofu. Shikeni hapa, maana ndipo siri ya ekuiti ilipo. Chansela hakusema hati ya Juma ni batili, wala hakuigusa hukumu ya mahakama nyingine. Alimwita Juma kwa wito wenye adhabu, akamwapisha, akamuuliza mwenyewe: ulilipwa au hukulipwa? Akikiri kwamba alilipwa, anaamriwa asiitumie ile haki yake ya kisheria, na akikaidi anakwenda gerezani. Ekuiti inamshika mtu na dhamiri yake. Karatasi inabaki ilivyo.

---

Mama_Hati:

Uzi mzuri. Naongeza amana (trust), yaani mtu mmoja kushika mali kwa manufaa ya mwingine, kwa sababu ndilo zao kubwa la ekuiti kuliko yote.

Mtu anakwenda vitani, anamwandikisha rafiki yake ardhi kwa makubaliano kwamba aitunze kwa ajili ya mke na watoto. Vilevile nyumba za Wafransisko, watawa waliokula kiapo cha kutomiliki mali, ziliandikishwa kwa watu wengine ili wao wakae tu. Rafiki akigeuka na kusema ardhi ni yake, sheria ya kawaida ilimkubalia, kwa sababu jina ni lake. Chansela alimwambia: jina ni lako, manufaa si yako. Hapo umiliki mmoja ukagawanyika mara mbili, wa kisheria kwa mdhamini na wa ki-ekuiti kwa mnufaika.

Ukali wake unaonekana katika Keech dhidi ya Sandford, 1726. Mdhamini alishika pango la soko la Romford kwa niaba ya mtoto. Muda ukaisha, na mwenye soko akakataa kumpa mtoto mkataba mpya. Mdhamini akauchukua kwa jina lake mwenyewe. Hakumwibia mtoto kitu, maana mtoto asingeupata hata kidogo. Mahakama ikaamuru aurudishe pamoja na faida, kwa sababu ukimruhusu mdhamini kuchuma pale ambapo mnufaika amekosa, wadhamini wote watahakikisha wanufaika wanakosa. Wanaokaa kwenye bodi za wadhamini za misikiti, makanisa na shule waisome kesi hiyo kabla ya kukodisha fremu za taasisi kwa ndugu zao.

---

kijana_wa_LLB2:

Shikamooni wakubwa. Naomba kuuliza: mahakama moja ikisema Juma alipwe na nyingine ikimkataza kudai, nani anashinda? Mwalimu alitaja mgogoro wa Coke na Ellesmere akapita haraka.

---

Mapokeo1920:

Marahaba. Ugomvi ulifika kileleni 1615, kesi ya Earl wa Oxford. Chuo cha Magdalene cha Cambridge kiliuza ardhi yake ya London zama za Malkia Elizabeth wa Kwanza, kwa kupitisha mauzo kwa Malkia ili kukwepa sheria iliyokataza vyuo kuuza ardhi. Nyumba zikajengwa juu yake. Miaka ikapita, chuo kikaitaka ardhi irudi, na mahakama ya sheria ya kawaida, chini ya Jaji Mkuu Edward Coke, ikasema mauzo yalikuwa batili. Maana yake chuo kinaondoka na ardhi na nyumba juu yake bila kulipa chochote kwa ujenzi. Lord Ellesmere, Chansela, akaingilia kati. Hoja yake: hukumu inaweza kuwa sahihi kisheria na bado aliyeipata akazuiwa kuitumia kwa dhamiri mbaya.

Coke hakukubali. Mfalme James wa Kwanza akaomba ushauri wa Mwanasheria Mkuu wake, Francis Bacon, na 1616 akaamua: vikigongana, ekuiti inashinda. Ndivyo ilivyo hadi sasa.

Ila ushindi ulikuja na lawama. John Selden alilalamika kwamba ekuiti inabadilika kwa kadiri ya unyayo wa Chansela aliyepo, na alikuwa na haki ya kulalamika. Ndiyo sababu Machansela waliofuata, Nottingham kuanzia 1673, Hardwicke 1737 hadi 1756, na baadaye Eldon, waliifunga ekuiti kwa kanuni na hukumu za rejea kama mahakama nyingine. Tangu hapo anayetaka ekuiti anaonyesha kanuni inayomhusu, hata kama ana machozi.

Gharama ya utaratibu huo ilikuwa ucheleweshaji. Kufikia karne ya 19 mashauri ya Chansela yalikuwa yakiwala warithi hadi mali inaisha. Sheria za 1873 na 1875 zikaziunganisha mahakama, kila jaji akapewa mamlaka ya kutoa nafuu za pande zote mbili, na kifungu cha 25(11) cha ile ya 1873 kikaandika kwamba penye mgongano ekuiti itatawala.

---

Wakili_Ngazi_ya_Pili:

Na kwetu iliingiaje? Kwa tarehe kamili, na tarehe hizo zina maana. Kenya, Judicature Act, kifungu cha 3: sheria ya kawaida, kanuni za ekuiti na sheria za jumla za Uingereza zilizokuwepo 12 Agosti 1897. Uganda ilikuwa 11 Agosti 1902. Tanganyika ni 22 Julai 1920, leo ipo JALA (Judicature and Application of Laws Act), Sura ya 358, kifungu cha 2(3). Zote zina sharti kwamba zitatumika kwa kadiri hali ya nchi na watu wake inavyoruhusu.

Sharti hilo lilipewa tafsiri katika kesi ya Mombasa, Nyali Limited dhidi ya Mwanasheria Mkuu, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufaa ya Uingereza 1955 kuhusu ushuru wa daraja la Nyali. Jaji Denning alisema mwaloni wa Kiingereza ukiuhamishia Afrika hauwezi kubaki vilevile, unahitaji kutunzwa. Majaji wetu wameirejea kauli hiyo mara nyingi.

Kosa la kawaida: mtu anarukia ekuiti wakati kuna sheria ya Bunge inayosema wazi. Sheria iliyotungwa inakuja kwanza. Ekuiti inajaza pengo, haifuti kifungu.

---

Mama_Hati:

Mkuu, hapo mwisho umefunga mlango mapema mno. Kenya, Land Control Act, Sura ya 302: mauzo ya ardhi ya kilimo yanahitaji idhini ya bodi, na maombi yapelekwe ndani ya miezi sita. Bila idhini, makubaliano ni batili. Wauzaji wengi walikuwa wakipokea pesa yote, wanamkabidhi mnunuzi shamba, anajenga na kupanda, kisha wao wenyewe wanakwepa bodi na kuja kusema mauzo ni batili, toka.

Mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ya Kenya, Macharia Mwangi Maina na wenzake 87 dhidi ya Davidson Mwangi Kagiri, iliwapa wanunuzi ushindi kwa amana ya kidhahania, yaani muuzaji anahesabiwa kuwa mdhamini wa mnunuzi ingawa hakuna hati ya amana iliyoandikwa. Mwaka 2018 katika Willy Kimutai Kitilit dhidi ya Michael Kibet mahakama hiyo ikashikilia mwelekeo huohuo, ikitaja pia Ibara ya 10 ya Katiba ya 2010 inayoiorodhesha ekuiti miongoni mwa tunu za taifa. Kifungu hakikufutwa, ila muuzaji amezuiwa kukitumia kama silaha dhidi ya mtu aliyempokea pesa na kumwachia ardhi. Ni Juma na hati yake yenye muhuri.

---

Wakili_Ngazi_ya_Pili:

Nakubali kwa Kenya, dada, na nashukuru. Ila anayetaka kuipeleka Tanzania aangalie: Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, ina masharti yake ya maandishi na sahihi katika kifungu cha 64, na hukumu ya Nairobi kwetu ni ya kushawishi tu, haimfungi jaji.

---

kijana_wa_LLB2:

Tufike kwenye zuio la muda basi, yaani amri ya kusimamisha jambo wakati kesi inaendelea. Ndilo naona likiombwa kila siku.

---

Wakili_Ngazi_ya_Pili:

Hili nitalieleza kwa kirefu, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanaanguka.

Tanzania mwongozo ni Atilio dhidi ya Mbowe, 1969, uamuzi wa Jaji Mkuu Georges. Kenya ni Giella dhidi ya Cassman Brown, 1973. Zinakaribiana. Kwanza, kuwe na jambo zito la kuamuliwa na uwezekano wa mwombaji kushinda. Pili, bila zuio mwombaji apate madhara yasiyofidika kwa pesa. Tatu, ukipima, mwombaji aumie zaidi zuio likikataliwa kuliko mjibu maombi atakavyoumia likitolewa. Nchini Tanzania uthibitishe yote matatu. Giella inasema jaji akiwa na shaka ndipo anapotazama mizani.

La pili ndilo kaburi. Linatoka moja kwa moja kwenye historia aliyoandika Mapokeo: Chansela aliingia pale tu pesa za sheria ya kawaida ziliposhindwa. Kama pesa inatosha, ekuiti haina kazi. Sasa soma viapo vinavyoletwa: "Kwamba mwombaji atapata hasara isiyofidika iwapo zuio halitatolewa." Basi. Hiyo ni hitimisho, haina ukweli wowote ndani yake. Andika mambo yenyewe: nyumba iko kiwanja namba fulani, imetangazwa kuuzwa tarehe fulani na tangazo ni kielelezo A, notisi uliyopaswa kupewa hukupewa, mjibu maombi hana mali nyingine inayojulikana ya kukulipa ukishinda. Jambo la mwisho watu wanalisahau, na lina nguvu sana.

Ukiwa mkopaji uliyeweka nyumba rehani, usitegemee kusema "ni makazi ya familia". Mahakama za pande zote mbili zimesema mara nyingi kwamba ukishaiweka mali iwe dhamana umeipa bei, na chenye bei kinafidika. Shambulia notisi na utaratibu. Kenya, Land Act ya 2012: notisi ya miezi mitatu chini ya kifungu cha 90, kisha ya siku 40 kabla ya kuuza chini ya kifungu cha 96. Tanzania, siku 60 chini ya kifungu cha 127 cha Sheria ya Ardhi. Hesabu siku moja moja tangu notisi ilipopokelewa. Na kama unakiri sehemu ya deni, lipa sehemu hiyo au iweke mahakamani. Anayeomba ekuiti naye atende ekuiti.

Muda nao una mwisho. Amri ya XXXVII ya Mwenendo wa Madai Tanzania inatoa zuio kwa muda usiozidi miezi sita, na nyongeza zote kwa jumla zisizidi mwaka mmoja, tena uonyeshe kwamba umekuwa ukiiharakisha kesi. Kenya, Amri ya 40: zuio la upande mmoja, yaani lililoombwa bila upande wa pili kusikilizwa, hutolewa mara moja tu na halizidi siku 14, na zuio la kawaida hufa baada ya miezi 12 kesi isipoisha, mahakama isipoamuru vinginevyo kwa sababu za kutosha. Tarehe hizo ziwekwe kwenye kalenda ya ofisi siku amri inapotoka.

Ukienda upande mmoja, sema yote, hata yanayokuumiza. Ukificha kwamba kuna kesi nyingine au kwamba ulishapewa notisi, zuio litaondolewa kwa kuficha tu, hata kama ulistahili kulipata.

---

Mapokeo1920:

Na kuna ya Tanzania pekee ambayo wenzetu hawaijui: Mareva ya siku 90, zuio lililopewa jina la kesi ya Kiingereza. Kesi ya asili, 1975, ilikuwa ya kumzuia mdaiwa asihamishe fedha nje ya Uingereza. Kwetu imepata kazi nyingine. Ukitaka kuishtaki Serikali, na tangu marekebisho ya 2020 hata halmashauri, unatoa notisi ya siku 90 chini ya Sura ya 5, sheria ya mashauri dhidi ya Serikali. Kwa siku hizo 90 huna kesi, na Amri ya XXXVII inahitaji kesi iwepo. Greda linaweza kufika kabla. Mahakama Kuu imejaza pengo hilo kwa kifungu cha 2(3) cha JALA: inatoa zuio la kulinda hali iliyopo mpaka notisi iishe.

Ambatisha notisi yenyewe na uthibitisho wa kupokelewa. Bila notisi hakuna cha kusubiri, kwa hiyo hakuna Mareva. Ukiwa tayari una kesi mahakamani, umekosea njia. Na angalia mjibu maombi ni nani, maana Amri ya XXXVII yenyewe inakataza zuio la muda dhidi ya Serikali na badala yake inaruhusu tamko la haki tu. Tegemea hoja hiyo iinuliwe.

---

mnunuzi_Kibaha:

Naomba msaada wenu. Mtu amelipa theluthi mbili ya bei ya kiwanja kwa mkataba wa maandishi. Muuzaji amepata mteja wa bei kubwa, anataka kurudisha pesa. Mnunuzi anaweza kulazimisha apewe kiwanja? Na kama naye alichelewesha awamu moja, mikono yake bado ni safi?

---

Mama_Hati:

Amri ya kumlazimisha muuzaji atekeleze mkataba ipo, na ardhi ndiyo mahali inapopatikana kwa urahisi zaidi, kwa kuwa kiwanja kimoja hakifanani na kingine na pesa hainunui kilekile. Lakini ni hiari ya mahakama, na mnunuzi lazima aonyeshe kwamba alikuwa na bado yuko tayari kumaliza malipo. Kusema tu hakutoshi: taarifa ya benki yenye salio, au barua ya kumtaka muuzaji apokee theluthi iliyobaki, iliyosainiwa kupokelewa.

Kanuni ni kwamba anayeomba ekuiti aje na mikono safi, lakini mikono safi haimaanishi utakatifu. Dering dhidi ya Earl wa Winchelsea, 1787, ilisema uchafu uwe unahusiana moja kwa moja na jambo linaloombwa. Kuchelewesha awamu moja ambayo muuzaji aliipokea bila kulalamika si uchafu, ingawa mkataba usomwe kwanza kama unasema muda ni sharti la msingi. Uchafu ni kama wa D & C Builders dhidi ya Rees, 1966: mafundi wadogo walidai pauni 482, mdaiwa akajua wamebanwa na madeni, akawaambia ni 300 au hakuna. Wakapokea 300. Alipotaka kujikinga na ahadi yao ya kutodai zaidi, Denning akasema ahadi iliyokamuliwa namna hiyo ekuiti haiilindi.

---

Wakili_Ngazi_ya_Pili:

Na ufanye haraka, mkuu. Mteja mpya akinunua kwa nia njema, akalipa thamani bila kujua mkataba wako, na akasajiliwa, haki yako ya ki-ekuiti inakwama kwake, unabaki na fidia dhidi ya muuzaji. Kwa hiyo leo au kesho: barua ya maandishi kwa muuzaji ya kukataa kurudishiwa pesa, nakala kwa huyo mteja mpya kama anajulikana ili asije kusema hakujua. Kama kiwanja kina hati, weka kaveti, yaani zuio la usajili, kwa Msajili wa Hati. Kama hakina, barua iende serikali ya mtaa na idara ya ardhi ya halmashauri, zigongwe muhuri wa kupokelewa. Kisha hati ya madai na maombi ya zuio viingie pamoja. Pesa akiirudisha kwenye akaunti yako bila ridhaa, usiitumie hata shilingi. Mjulishe kwa maandishi siku hiyohiyo kwamba hujaikubali na iko tayari kurudi kwake.